Kutoka Kumi Hadi Moja: Raha za Muhula wa Tatu Kiandutu

Oktoba ikifika, watoto wa Marekani huchonga maboga na kuwasha mishumaa ndani yake, na wale wa Ulaya huokota majani makavu wakayabandika daftarini. Huku Thika boga halichongwi. Linapondwa pamoja na viazi, linakuwa mukimo, linaliwa, hadithi inaishia hapo. Wala miti yetu haina haja ya kupukutisha majani. Jakaranda huangusha maua, barabara ikawa zambarau, na mtoto anayetembea peku kwenda dukani anatandikiwa zulia ambalo hata waziri hakutandikiwa.

Vuli yetu ni ya mvua, na vuli ya shule ni muhula wa tatu. Ndio mfupi kuliko yote: unaanza Agosti ikielekea kwisha na kufungwa Oktoba ikimalizika au Novemba ikianza, wiki tisa au kumi hivi. Lakini ukali wa pilipili hauhesabiwi kwa urefu wake.

Kiandutu ni mtaa mkubwa wa mabanda hapa Thika, kando ya barabara ya Garissa, jirani na Makongeni. Nyumba za mabati zimebanana hivi kwamba ukipiga chafya kwako, jirani anakuombea afya bila kuamka kitandani. Kwa hiyo uwanja wa shule ya msingi ndio sebule ya mtaa. Haya basi, nahesabu kutoka kumi hadi moja mambo yanayoifanya sebule hiyo ipendeze katika muhula wa tatu. Kipimo changu ni kimoja: jambo linapanda juu kadiri linavyowaleta watu wengi langoni, na kila mtu akiwa na kitu mkononi.

10. Kengele ya kwanza

Sweta iliyonunuliwa Januari ikifika magotini, sasa inaishia kiunoni. Ama mtoto amekua, ama sweta imefuliwa mno, na mara nyingi ni yote mawili. Fundi wa cherehani pale kwenye kona amefungua pindo la sketi kwa mara ya tatu mwaka huu, na bado anasema kitambaa kipo.

Darasani, mtoto wa gredi ya kwanza anamfunulia mwenzake mdomo amwonyeshe mapengo. Alienda likizo na meno ishirini, amerudi na kumi na manane. Hesabu ya kutoa imeanza hata kabla ya mwalimu kuingia.

9. Bano, kati, blada na brikicho

Mapumziko ya saa nne ni mafupi, lakini ndani yake hupatikana ligi ya bano ya gololi, fainali ya kati ya kukwepa mpira, na ugomvi wa nani alichungulia wenzake wakijificha kwenye brikicho. Kamba ya blada imekatwa kutoka kwenye mpira wa ndani wa gurudumu la baiskeli, zawadi ya fundi baiskeli ambaye binti yake ndiye bingwa wa kuruka. Hakuna aliyeshangaa.

Mafundi wa mpira wa majuala, ule wa kuchezea kati, walipata mtihani wao Agosti 2017, Kenya ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa. Siku hizi mpira unashonwa kwa soksi zisizo na wenzao, vitambaa na kamba ya katani. Haurushwi mbali kama wa zamani, lakini ukikugonga mgongoni hauumi, na mpigaji anaweza kuwa rafiki yako tena kabla ya kengele kulia.

8. Kinyago cha kutisha ndege

Tangu mtaala wa umilisi uanze Januari 2019, kila mzazi amejua kuogopa sentensi moja. Huja Jumapili, saa mbili za usiku, chakula kikiwa mezani: "Mama, mwalimu alisema kesho tulete..."

Sentensi hiyo ikimalizikia kwa kinyago cha kutisha ndege, ploti nzima huamka. Baba anatoa shati ambalo mama amekuwa akitaka litupwe tangu harusi. Seremala wa mlango wa pili analeta vijiti viwili na misumari. Mzee wa nyumba ya mwisho anatoa kofia yake, kisha anamwambia mtoto kwa sauti ya chini, "Nitaihitaji Jumapili ya kwenda kanisani."

Kiandutu shamba ni gunia lililojazwa udongo, sukuma wiki zikichomoza ubavuni. Kinyago kikasimamishwa kando ya gunia. Ndege hawakujali sana, lakini mbuzi wa jirani alibadilisha njia. Nawashukuru kwa dhati walimu wanaosema, "Lete ulicho nacho nyumbani," kwa sababu ukurasa mmoja wa kuchapishwa kwenye duka la kompyuta unaweza kuwa ndiyo bei ya mboga ya jioni hiyo. Mwalimu anayelijua hilo amemfundisha mtoto na kumstahi mzazi kwa pamoja.

7. Oktoba 10, sikukuu yenye majina mengi

Wazazi wanaikumbuka kama Moi Day. Baadaye ikaitwa Huduma, kisha Utamaduni, na tangu 2024 ni Siku ya Mazingira. Kuna watu mtaani wamehama nyumba mara chache kuliko sikukuu hii ilivyobadili jina.

Lakini jina la sasa limeiva, kwa sababu limekuja na kazi ya mikono, na limekuja mvua ya vuli ikikaribia. Kwa kuwa siku yenyewe ni ya mapumziko, shule huchagua siku ya jirani yake, kila darasa likapewa mche. Gredi ya pili huupa mche wao jina, wakaukaribisha rasmi, wakaumwagia maji mengi kupita kiasi siku ya kwanza na kuusahau siku ya tatu. Ndipo anapojitokeza bawabu, ambaye hamwambii mtu, na kila jioni humwaga pale chini maji aliyooshea vikombe.

Wangari Maathai alianzisha Vuguvugu la Ukanda wa Kijani mwaka 1977 akiwa na wanawake wa vijijini na miche yao, na mwaka 2004 akapewa Tuzo ya Amani ya Nobel. Kazi kubwa ile ilianzia kwa mtu aliyeshika mche mmoja. Mtoto wa gredi ya pili ameshika wa pili.

6. Mikono safi, miguu salama

Tuliseme jina letu bila haya. Ndutu kwa Kikuyu ni funza, yule anayeingia kwenye kidole cha mguu, na Kiandutu ni mahali pa funza. Funza mwenyewe ni mgeni. Alitoka Amerika Kusini, akatia nanga Angola mwaka 1872 kwa meli iliyotoka Brazil, na kabla karne haijaisha alikuwa ameshalivuka bara zima hadi Afrika Mashariki. Jakaranda naye asili yake ni Amerika Kusini. Mgeni mmoja tumempa barabara nzima apendeze. Huyu mwingine tunamfungia virago.

Funza hupenda vumbi kavu, kwa hiyo wiki za mwanzo wa muhula, kabla ya mvua, ndiyo vita yenyewe. Walimu na akina mama wa afya ya jamii hukagua miguu, sakafu za udongo zikanyunyiziwa maji, na viatu vilivyombana mtoto wa nyumba hii vikahamia nyumba ile. Kidole kimoja hakivunji chawa, na kwa funza ni hivyo hivyo.

Oktoba 15 ni siku ya dunia nzima kunawa mikono. Nenda ukatazame mtungi wa lita tano ulioning'inizwa kwenye kijiti kando ya vyoo. Umetobolewa ubavuni, kamba imefungwa shingoni, mwisho wa kamba kuna kipande cha mti chini. Mtoto anakanyaga mti, mtungi unainama, maji yanatiririka kiasi cha uzi, naye ananawa bila kugusa chochote. Sabuni nayo imetobolewa katikati na kufungwa kamba, kwa sababu sabuni isiyofungwa ina miguu kuliko mwenye funza. Na mtoto akionekana na funza, asichekwe. Aliyemcheka ndiye anayemfanya afiche mguu, na mguu uliofichwa hauponi.

5. Safari ya kuhesabu maporomoko

Mwezi mzima daftari la mwalimu limekuwa likipokea hamsini hamsini. Siku ikifika, basi la kukodi linawekwa langoni na mtaa mzima unatoka kuaga, utadhani watoto wanapanda ndege. Kila mmoja ana chapati mbili za chakula cha mchana. Basi halijamaliza Makongeni, chapati zimekwisha.

Fourteen Falls, kwenye mto Athi, iko upande ule ule wa barabara yetu ya Garissa, karibu na Kilimambogo. Jina linasema maporomoko kumi na manne, na kazi ya siku ni kuyahesabu. Kundi moja linapata kumi na moja. Jingine linapata kumi na saba. Msichana mmoja anapata kumi na manne kamili, anaulizwa amehesabuje, anajibu, "Nimesoma kibao." Mwalimu wa sayansi anaeleza kuwa maji yakijaa maporomoko huungana, yakipungua huachana, kwa hiyo kila kundi lihesabu tena. Hapo somo la jiografia, hesabu na subira limefundishwa kwa nauli moja.

Wanarudi jioni wakiimba kwa sauti zilizokauka. Zaidi ya mmoja amebeba chupa ya maji ya mto amwonyeshe mdogo wake ambaye hamsini zake hazikutosha. Mwaka huu changieni mapema na mdogo naye aende.

4. Mashujaa, wakubwa kwa wadogo

Usiku wa Oktoba 20, 1952, serikali ya mkoloni ilitangaza hali ya hatari na kumkamata Jomo Kenyatta na wenzake. Tarehe hiyo iliitwa Kenyatta Day hadi katiba ya 2010 ilipoifanya siku ya mashujaa wote. Gatundu, nyumbani kwa Kenyatta, si mbali na hapa, kwa hiyo kila babu wa Thika ana hadithi ya wakati ule, na ukimruhusu atakupa na ya pili.

Skauti wa shule hufanya mazoezi ya gwaride wiki mbili. Kiongozi anaamuru "kushoto geuka," nusu wanatazama Garissa, nusu wanatazama Nairobi. Kufikia siku yenyewe wote wanatazama upande mmoja, na mama zao wanatazama kwa machozi.

Lakini raha yangu ni lile zoezi la insha: shujaa wako ni nani? Wengi huandika majina ya vitabuni, na ni vizuri. Mvulana mmoja wa gredi ya nne aliandika kwamba shujaa wake ni baba, kwa sababu akisema atarudi, hurudi. Mwalimu alimpigia alama ya vyema kubwa iliyovuka mistari mitatu.

3. Joho dogo, kofia kubwa

Watoto wa PP2, darasa la mwisho la chekechea, wanahitimu. Joho limekodishwa, kofia inashuka hadi puani, na mhitimu anatembea akiwa ameinua kidevu aone njia. Anaitwa jina. Anapokea karatasi iliyoviringishwa kwa utepe. Anamtafuta cucu, bibi yake, kwenye umati, anamwona, anasahau kila alichofundishwa na kumkimbilia.

Wapo wanaosema sherehe hii ni mapema mno, kwamba mtoto wa miaka mitano amehitimu nini. Amehitimu kuketi. Amehitimu kushika penseli, kusubiri zamu na kuomba ruhusa kabla haijawa dharura. Wapo wakubwa ambao bado wanangojea cheti cha kusubiri zamu.

Na tukumbuke tulikotoka. Elimu ya msingi ilipofanywa bila karo mwaka 2003, watoto zaidi ya milioni moja walimiminika madarasani. Mwaka uliofuata, huko Eldoret, mzee Kimani Maruge alijiunga na darasa la kwanza akiwa na miaka 84, kwa kaptula na soksi ndefu. Kwa hiyo cucu aliyepigwa picha na mhitimu, akitaka naye kurudi kesho na daftari, benchi lipo.

2. Wiki ya mtihani, nyundo zikinyamaza

KCPE, mitihani ya mwisho wa shule ya msingi iliyoanza mwaka 1985, ilifanywa kwa mara ya mwisho 2023. Wazazi wa umri wangu bado tunaota tukiwa tumechelewa kuifanya. Wa leo wana KPSEA ya gredi ya sita, iliyofanywa mara ya kwanza 2022. Na kwa kuwa sekondari ya msingi iliwekwa ndani ya shule za msingi Januari 2023, ua ule ule una majitu ya gredi ya tisa yenye sauti nzito, ambayo mtihani wake, KJSEA, ulifanywa mara ya kwanza mwishoni mwa 2025. Mtoto wa PP1 akigongana na mmoja wao kona ya choo, humwamkia, "Shikamoo mwalimu."

Siku ya maombi ndipo mtaa unapoonyesha ulivyo. Mchungaji anaomba, imamu anaomba, na mzee wa mtaa naye anaongezea yake, ndefu kuliko ya wote wawili. Kadi za kuwatakia watahiniwa heri, ambazo zamani zilijaa mjini kila Oktoba na nyingine zikiimba ukizifungua, simu imezipunguza sana. Lakini bado nimeona moja, ya karatasi ya daftari, ua limechorwa kwa kalamu nyekundu, imeandikwa na mdogo wa gredi ya pili: "Usiogope. Kama hujui, ruka uende mbele."

Kisha mtihani wenyewe. Nyuma ya ua wa shule kuna fundi wa majiko na makarai, anayegonga mabati tangu asubuhi hadi jioni. Hakuna barua aliyoandikiwa. Asubuhi ya mtihani hutazama langoni, akiona bahasha zimeingia, huilaza nyundo juu ya gunia na kuanza kukata mabati kwa mkasi, taratibu. Mama wa mandazi naye hufunga redio. Kinyozi hupunguza muziki mpaka mteja anasikia mashine ikikata. Hiyo ndiyo kadi ya heri niipendayo kuliko zote.

1. Sufuria

Ndiyo, sufuria. Imeshinda joho, gwaride na maporomoko, na sioni haya.

Mahindi na maharagwe yamelala majini usiku kucha. Moto unawashwa alfajiri, mtaa ukiwa bado umefunikwa moshi wa majiko. Mpishi anasimama na mwiko mrefu kama kasia, anakoroga kwa mabega, si kwa viganja. Saa tatu harufu ya githeri inaingia gredi ya tano dirishani, na kuanzia hapo mwalimu wa hesabu anashindana na mpinzani asiyeandika ubaoni. Kengele ya mchana inalia. Mistari inapangwa, wadogo mbele, kila mtu na sahani yake, bakuli lake au kopo lake. Yule wa mwisho anachungulia ndani ya sufuria kwa wasiwasi, na mpishi, aliyemwona zamani, anamwambia, "Wewe nimekuwekea ya chini, ndiyo tamu."

Taifa limelijua jambo hili siku nyingi. Maziwa ya Nyayo, yaliyogawiwa shuleni, yalianza 1979, na mtu mzima wa leo ukimtajia pakiti ile ya pembe tatu, uso unalainika. Mtoto anaweza kusahau alichofundishwa siku ile, lakini hasahau siku aliyoshiba.

Na kuna jambo tunalopaswa kulijivunia sisi wa ukanda huu. Mwaka 2012, Wawira Njiru, binti wa hapo Ruiru aliyekuwa akisomea lishe Australia, alipika huko chakula cha harambee kwa marafiki, na fedha zilizopatikana zikawasha jiko Ruiru la kulisha watoto 25. Watoto ishirini na watano tu, darasa moja halijai. Jiko hilo ndilo mwanzo wa Food4Education, ambayo leo hulisha mamia ya maelfu ya watoto kila siku ya shule. Mtoto huvaa bangili mkononi, mzazi hutia pesa kidogo kwa simu, mtoto akagusisha bangili na kupewa sahani, na hakuna anayejua nani kalipiwa na nani. Jijini Nairobi, kwa ushirikiano na kaunti tangu 2023, mzazi huchangia shilingi tano. Shilingi tano tu, kwa sahani nzima.

Sufuria ni namba moja kwa sababu inaitumia kila namba iliyotangulia. Mikono iliyonawa kwenye mtungi ndiyo inayoshika sahani. Aliyeshiba ndiye anayeruka blada, anayeimba kwenye basi, anayeinua kidevu chini ya kofia kubwa. Na sufuria ilipotoboka, unajua aliyeiziba ni nani? Yule fundi wa nyuma ya ua, aliyelaza nyundo siku ya mtihani. Aliiziba Jumamosi, akasema malipo yake ni wanawe wawili waliomo shuleni.

Mkono mtupu haulambwi, na wala hauijazi sufuria. Kama una shule ya msingi karibu nawe, iwe Kiandutu, Ruiru au kwingineko, usingoje mtoto wako awe ndani yake ndipo upite langoni. Peleka gorogoro ya maharagwe. Huna maharagwe, peleka kuni. Huna kuni, peleka viatu vinavyombana mwanao. Na ukikosa vyote, nenda Ijumaa mchana ukawasaidie kuosha masufuria, maana kazi hiyo haijawahi kuwa na watu wa kutosha.